Mlango wa Mama Mkwe

Mtu akistaafu akiwa na miaka thelathini na tatu, mtaa mzima unataka kujua kama amefukuzwa, ameolewa au amerithi. Sikufukuzwa. Karakana ni ya tanti Asha, dada yake baba, na tanti hafukuzi mtu, anamchosha tu mpaka aondoke mwenyewe. Mume ninaye tangu zamani, na hana habari ya kuoa upya. Na sisi Waswahili wa Gitega, angalau wa ukoo wangu, tangu babu aliyeshona kanzu barazani hatujawahi kurithishana kitu kikubwa kuliko mkasi. Nimestaafu kwa sababu bega langu la kulia halipandi tena, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia.

Hawa na Joselyne, ninyi ndio mnaobaki na mashine. Mliniomba niwaandikie jinsi ya kufanya kazi. Nimeanza maelekezo hayo mara nyingi na kila mara nimeyachana, kwa sababu mstari wa kwanza haukuwa umenyooka. Kwa hiyo nitawasimulia tu yaliyotokea, nanyi mchukue humo yatakayowafaa. Msinisahihishe. Nitajisahihisha mwenyewe, bila kuombwa.

Mashine ilifika Gitega kabla yangu. Ilikuja ndani ya kontena la misaada, ikapelekwa kwenye kituo cha ufundi ambacho sasa hakipo, na kwa kuwa kitabu chake cha maelezo kilibaki huko ilikotoka, kila aliyeiona alikuwa na maoni yake. Fundi wa magari alisema ni kipande cha kitanda cha hospitali. Mkuu wa kituo alisema ni ya kufumia mazulia, akaamuru iandikwe hivyo mlangoni, na wageni wakubwa wakapiga picha mbele ya maandishi. Kisha ikafunikwa turubai. Tanti Asha, aliyekuwa amewashonea wanafunzi wa pale sare, aliomba apewe mashine hiyo badala ya malipo. Alichojua ni kwamba ina sindano.

Ninyi mmeizoea, lakini jaribuni kuiona kama nilivyoiona siku ya kwanza. Meza ndefu kama chumba chenyewe. Miti mitatu ya chuma ya kuviringishia nguo. Juu yake cherehani yenye shingo ndefu kuliko mkono wangu, inayotembea kwenye reli, na vishikio viwili kama usukani wa baiskeli. Kwenye cherehani ya kawaida unasukuma nguo, sindano inakaa mahali pake. Kwenye hii nguo ndiyo inayokaa, na wewe unaisukuma sindano huku na huku kama mtu anayeandika kwa kalamu nzito. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi hilo lilikuwa jambo la kutisha. Mstari ukienda kombo, huwezi kuisingizia nguo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu kwa sababu nilishindwa kuandika ubaoni bila kufuta. Wanafunzi wa mazoezi walinakili tarehe, nikaifuta tarehe, wakanakili tena. Tanti alinichukua karakanani ili nisikae nyumbani nikinyoosha mazulia ya watu.

Hakuna aliyenifundisha mashine hiyo, maana hakuna aliyeijua. Nilijifunza kwenye simu, nikitazama video za mama mmoja wa mbali anayeshona huku akiongea lugha nisiyoielewa. Nilizima sauti. Matokeo yake, kwa muda mrefu niliamini kwamba lile tabasamu lake ni sehemu ya ufundi, nikashona nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Wateja walidhani nina furaha.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niiseme kwa ajili ya yeyote atakayeokota karatasi hizi. Mfarishi ni tandiko la viraka lenye tabaka tatu. Juu kuna uso, yaani viraka vyenyewe vilivyoungwa. Katikati kuna pamba laini ambayo mafundi wa Gitega tunaiita watini. Chini kuna mgongo, kitambaa kizima. Kazi ya mashine ni kuzishona tabaka zote tatu pamoja kwa maua au mawimbi ili watini isikimbilie kona moja. Kisha kingo zinafungwa kwa biye, utepe uliokatwa mshazari. Upande wa mbele unaushona kwa cherehani, upande wa nyuma kwa mkono, mshono usionekane.

Sisi hatukutengeneza nyuso. Nyuso zilitoka Muyinga, kwa akina mama wa Giteranyi na Gasorwe waliokulia Tanzania kwenye kambi za wakimbizi na kurudi wakiwa watu wazima. Huko walijifunza kuunga vipande vya vitenge kwa mkono, kipande kwa kipande, na waliporudi kulima vilima vya kwao waliendelea. Nyuso zao zilikuja Gitega kwa basi, ndani ya magunia ya maharage, zikinukia maharage. Sisi tuliwamalizia.

Mifarishi yangu ya mwanzo ilikuwa mibaya, nami nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, mara nyingi kabla mteja hajaketi. Uzi wa chini ulilegea, mgongo ukajaa vitanzi vidogo kama kope. Tanti alikuwa na kipimo kimoja tu. Alikinyanyua kitu mlangoni kwenye mwanga, akakitazama kama anavyotazama mvua, akasema, “Iko sawa,” akakikunja. Mimi nilikuwa na wembe. Akishakunja, nilikunjua nikafumua.

Haya ndiyo niliyoyapata kwa kufumua. Mgongo uuzidi uso kwa kiganja kila upande, la sivyo utafika mwisho ukiwa na uso usio na mgongo. Mashine ikianza kulia kama mtu anayetafuna mahindi makavu, badilisha sindano, usiiombee. Umeme ukikatika katikati ya ua, acha sindano imezama ndani ya nguo na uende ukanywe chai, kwa sababu ukiichomoa, umeme ukirudi ua litaota goti. Na usimwonyeshe mteja kosa ambalo hajaliona. Hili la mwisho ni la tanti. Mimi sikuliweza hata siku moja.

Sasa nifike kwa Mama Neema, maana bila yeye ningestaafu nikiwa na miaka sitini kama watu.

Mama Neema ni wa Giteranyi. Ni mkulima, msharika mzuri wa kanisa lake, na Kiswahili chake ni cha Tanzania, kile cha kumalizia maneno yote. Binti yake Neema alikuwa anaolewa Makebuko, huku kwetu Gitega, kwenye familia ambayo haijawahi kuhama kilima chake. Kwenye mazungumzo ya mahari upande wa bwana arusi walikuwa wamenong'ona kwamba watu hawa waliokulia nje wanaongea Kirundi kama redio, na kwamba hawatajua kumtoa binti kwa adabu. Mnong'ono ulisafiri mpaka Giteranyi, haraka kuliko basi.

Basi Mama Neema akatengeneza uso wa mfarishi. Zawadi zingetolewa siku ya gutwikurura, siku ambayo upande wa bibi arusi wanakwenda nyumbani kwa mume na kumfunua shela, na mama mkwe angefunikwa mfarishi huo mbele ya watu wote. Aliuleta mwenyewe karakanani, akiwa ameupakata magotini safari nzima. Viraka vya kijani na manjano vilivyozunguka kama mashamba yanavyozunguka kilima. Sikuona kosa hata moja, jambo lililonitia hofu kubwa.

“Zuhura mwanangu,” aliniambia, “wao hawataangalia katikati. Mtu anayetafuta kukuaibisha anaangalia pembeni. Nishikie kingo.”

Nilimwahidi kingo. Nilinunua uzi mwembamba kuliko wote sokoni, unaong'aa kama nywele za mtoto, ili mshono wa mkono usionekane kabisa. Umeme ulituchezea wiki nzima, na nilipomaliza maua ya mashine, biye ilikuwa bado. Nilipanda gari la kwenda Makebuko siku yenyewe ya sherehe nikiwa nashona. Tanti alikaa kando yangu akiwa ameshika kichwa cha mfarishi kama mtu anayemshikia mgonjwa.

Tulipofika tulipewa nafasi jikoni kwa jirani. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, upana wa kiganja, pale ambapo biye iliyouzunguka mfarishi wote inarudi kukutana na mwanzo wake. Mnapajua. Ncha mbili, kitambaa cha mshazari kinachovutika, na lazima zikutane bila kulegea wala kukaza. Niliziunga. Pakaota mkunjo mdogo kama wa paji la uso. Nikafumua.

Uani mzee Barnabas, mjomba wa Neema na msemaji wa upande wao, alikuwa ameshika kipaza sauti. Alikuwa amejifunza hotuba fupi, nzuri, aliyoikariri shambani. Mama Neema akamtumia ujumbe: mfarishi haujaisha, ongea. Wakakubaliana ishara. Yeye angesimama mlangoni mwa jiko. Kitenge chake kikiwa begani, aendelee. Akikishusha, amalize.

Hotuba fupi ilisimulia kwamba wametoka Giteranyi, wamefuata nyayo za binti yao, wamefika. Ilipokwisha, kitenge kilikuwa begani. Barnabas akakohoa, akaanza kuvisalimia vilima. Alikisalimu kimoja baada ya kingine, akamshukuru aliyewapa maji Gasorwe, akamlaumu kwa upole mbwa aliyewafuata mpaka nje ya Muyinga mjini. Alivuka mto Ruvubu. Kitenge kiko begani. Alivuka mito midogo yote, na nadhani mingine aliichimba mwenyewe. Alipofika chini ya kilima cha Makebuko na wazee wakaanza kushika magoti wasimame, alitazama jikoni, akaona kitenge, akatangaza kwa uchungu kwamba wamesahau kikapu cha mtama. Msafara mzima, ndani ya hotuba, ukarudi Giteranyi kwa miguu.

Jikoni nilikuwa nimeunga mara nyingine na kufumua mara nyingine.

Lililonishangaza ni kwamba watu walimsikiliza. Kirundi chake kile cha redio, kwa urefu ule, kilianza kuonekana kama Kirundi cha zamani. Wazee walitikisa vichwa. Msemaji wa upande wa pili, mtu maarufu ambaye hualikwa mpaka Gitega mjini, alimwomba kijana kalamu aandike. Chini ya shela, Neema alikuwa akitokwa na jasho. Mama yake aliniambia baadaye kwamba pale mlangoni alikuwa haogopi tena mfarishi kuchelewa, anaogopa binti yake azimie mbele ya wakwe, halafu iwe kweli kwamba hawajui kumtoa binti kwa adabu.

Tanti Asha akaunyakua mfarishi mikononi mwangu.

“Lete. Iko sawa.”

“Tanti, haiko sawa. Iko wazi.”

“We Zuhura, iko sawa ya leo.”

Akaukunja, pale pa wazi pakiwa ndani, na sindano yangu ikining'inia humo na uzi wake. Mama Neema alishusha kitenge. Barnabas, ambaye kwa wakati huo alikuwa amefika Ruvubu kwa mara ya pili, aliruka mito yote iliyobaki na kutua Makebuko kwa sentensi moja.

Akina mama waliubeba mfarishi kichwani, wakaukunjua na kumfunika mabegani mama yake bwana arusi, ambaye huitwa Mama Desire kwa jina la mwanawe huyo. Mwanamke mrefu, mkimya, mwenye uso usiotoa habari. Akashika ukingo wa mfarishi kuuvuta kifuani, na katika kingo zote zile, kidole gumba chake kikatua pale. Akapaangalia. Akaiinua sindano. Ua mzima ukaiona sindano. Vigelegele vikakatika katikati.

Mzee Barnabas alikuwa bado na kipaza sauti mkononi, na hakuwa na mto hata mmoja uliobaki.

“Hapo, mama, tumekuachia wewe,” alisema. “Sisi tumemshona mtoto wetu mpaka hapo. Pa kumfungia ni pako.”

Mama Desire aliomba kigoda. Kilipoletwa akaketi. Uzi wangu ulikuwa mfupi, akaomba uzi, na kwa kuwa ilikuwa msimu wa maharage mtu akamletea uzi wa kushonea magunia, mweusi. Akaanza kushona mbele ya watu wote. Vigelegele vilirudi, na safari hii havikukatika. Mama Neema alilia. Msemaji maarufu alirudisha kalamu.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikitazama mshono. Ulikuwa kama jongoo aliyekanyagwa.

Nilidhani yameishia hapo. Mwezi haukupita, gunia likaja kutoka Gasorwe na uso ndani yake na ujumbe kwamba kwenye ukingo tuache mahali pa mama mkwe, kama ilivyo desturi. Nilimwambia tanti kwamba wamekosea. Tanti aliuliza kosa liko wapi kama wamelipia. Likaja la Giteranyi. Likaja la Muyinga mjini, kwa familia ya Waislamu wenzetu wauza vitenge ambao hata hawana gutwikurura, ila walisikia ni vizuri. Mahali pale pakapewa jina: mlango wa mama mkwe.

Kisha wakaja wenye kujua. Mteja mmoja alinifokea kwa kuuacha mlango upande wa miguuni, akasema babu yake angekufa tena. Mwingine alitaka milango miwili, kwa kuwa bwana arusi alilelewa na shangazi. Wasemaji wa harusi waligawanyika: wa Gasorwe walishikilia kwamba sindano lazima iachwe ndani, wa Giteranyi wakasema kuacha sindano ni tusi. Na hotuba, ambazo zamani zilifika Makebuko siku hiyohiyo, sasa hazikuwa halali bila kusahau kikapu na kurudi. Akaja mpaka mwanafunzi wa chuo kikuu na kinasa sauti, akitafuta asili ya mlango wa mama mkwe. Tanti alimweleza kwa utulivu kwamba ulikuwepo tangu enzi za impuzu, nguo za magome ya miti. Nikamvuta pembeni nimwambie ukweli, kwamba ni kazi ambayo sikuimaliza. Aliniangalia kwa huruma. Alisema ndivyo desturi zinavyokuwa, wenyewe hatuzitambui.

Watu walioambiwa hawajui mila walikuwa wameleta moja, na sasa wenye vilima walikuwa wanafundishana kuifuata. Mama Neema aliona hilo lina ladha ya asali. Mimi lilinila.

Naomba mnielewe. Mimi ni mtu anayerudi nyumbani kuhakikisha amefunga mlango, kisha anarudi kuhakikisha kwamba alihakikisha. Na kazi yangu ikawa kuacha wazi; hiyo ndiyo sababu ile nyingine. Kila mfarishi uliotoka mikononi mwangu ulitoka haujaisha, kwa amri ya mteja. Nilijaribu kujiokoa kwa kuufanya mlango uwe kamili: nilipiga pasi ncha mbili, nikazikunja, nikazibana kwa pini zilizolingana urefu, nikaweka alama za chaki pa kupitisha sindano. Wakaanza kulalamika kwamba mama mkwe hana la kufanya, anapitisha sindano kama anayefuata njia ya mchwa. Nikalazimika kujifunza kuuharibu kidogo. Niliuharibu vizuri. Ninyi wawili mnacheka, nimewasikia mkicheka tangu mlipoanza kazi, lakini ninyi mnakata biye kwa macho na mnalala usingizi.

Miaka yote hiyo, harusi baada ya harusi, sikuwaza mfarishi mwingine kama nilivyouwaza ule wa Makebuko. Uko kwenye kitanda cha mtu, nilikuwa nikijiambia, na kwenye ukingo wake kuna jongoo. Nilitamani uletwe siku moja kwa sababu yoyote, hata uwe umeungua.

Ulikuja mwaka huu, nikiwa nimeshamwambia tanti kuhusu bega. Neema aliuleta, naye alikuja na mama mkwe wake. Mama Desire amezeeka, lakini uso wake bado hautoi habari. Niliufungua mezani. Maua ya mashine yalikuwa mazima. Biye ilikuwa imekatika karibu kote. Ule uzi wangu mwembamba wa nywele za mtoto haukuhimili kufuliwa kwenye jiwe na kuanikwa juu ya ua wa miti. Ulikuwa umelika, utepe ukining'inia kama ulimi. Isipokuwa upana wa kiganja. Pale uzi wa magunia ulikuwa umekaa kama siku ya kwanza, mweusi, kombo, imara.

Neema alisema wanataka biye mpya kote, ila pa mama mkwe paachwe. Kisha akatoka kwenda kununua mkaa, nami nikabaki na Mama Desire. Alisubiri mlango ufungwe. Kiswahili chake ni cha sokoni kwetu, chenye Kifaransa kidogo ndani, alichokiokota akiuza ndizi.

“Bon. Akirudi utamwambia ilikatika yenyewe,” alisema. “Toa na yangu. Ushone muzuri, kama yako.”

Nilimuuliza kwa nini.

“We si uko fundi? Haujaiona?”

Nilisema nimeiona.

“Mi sijawahi kujua kushona. Ile siku nilifikiri mmenipima. Niliona sindano, nikasema, hawa watu ya Tanzania wamejua. Nilisukuma tu, mpaka nikajidunga.” Alinionyesha kidole gumba, kana kwamba damu ingekuwa bado ipo. “Wageni wakikuja, mi natandika ile upande kwenye ukuta. Miaka yote.”

Nilisimama pale na wembe mkononi. Jikoni kwa jirani nilikuwa na hakika kwamba kwenye sherehe ile ni mimi peke yangu niliyekuwa ninakufa. Mama Neema alikuwa mlangoni anakufa kwa sababu ya wakwe, na huyu kwenye kigoda alikuwa anakufa kwa sababu ya Mama Neema, na Barnabas alikuwa anavuka mito.

Kuufumua ule mshono ni kazi ya dakika chache. Uzi mnene hutoka kirahisi kuliko mwembamba, mnajua hilo. Nimefumua maisha yangu yote mishono mizuri kuliko ule. Niliweka wembe chini ya uzi wa kwanza, nikauinua kidogo, nikautoa wembe.

“Mama, hii haitoki,” nilisema. “Imeshika mpaka ndani. Nikiivuta, nguo itachanika.”

Aliuvuta uzi kidogo kwa ukucha.

“Haitoki kabisa?”

“Kabisa.”

“Lakini ubaya wake unauona.”

“Ninauona.”

“Bon,” alisema, na akakaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyetua mzigo. “Basi tuko wawili.”

Neema aliporudi na mkaa, hakuna aliyemwambia kitu.

Biye mpya niliishona mwenyewe, kwa mkono, huku bega likilalamika. Nilitumia uzi wa kawaida wa sare za shule. Na kwa kuwa kile kipande cha zamani kilibaki, biye haikuwa na ungio moja, ilikuwa na mawili, moja kila upande wa jongoo, kitambaa kipya kikikutana na kilichofuliwa miaka mingi. Mnaweza kukisia. Yote mawili yaliota mkunjo. La kushoto lina mkunjo mkubwa zaidi, kuelekea mgongoni.

Tanti Asha, ambaye sasa anavaa miwani na ghafla ameanza kuona, aliuchukua mfarishi, akaunyanyua mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kidole.

“Zuhura. Hapa imekunjika.”

“Iko sawa ya leo, tanti,” nilisema, nikaukunja.

Huo ndio mfarishi wangu wa mwisho. Mashine nimeifuta na kuifunika. Mafuta ya reli yako kwenye chupa ya sharubati, msije mkamkaribishia mgeni. Ufunguo uko kwa Hawa, sindano mpya ziko kwa Joselyne, na video za yule mama zimo kwenye simu ya karakana, bila sauti. Wembe nimeondoka nao. Mtanunua wenu siku mtakapouhitaji.